Kichaa cha jukwaani: nani anaamua kwamba mhusika huyu amerukwa na akili kweli?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu, salaam. Nina hoja, naomba muichambue bila huruma.

Kwenye Hamlet ya Shakespeare, tendo la 2 onyesho la 2, mshauri wa ikulu Polonius anajitolea kueleza kichaa cha Hamlet, mwana wa mfalme. Anazunguka mbuyu weee, mwisho anasema kichaa ni nini kingine kama si kuwa kichaa tu. Wengi huiona ni porojo ya mzee. Mimi naona hapo ndipo penye siri yote: ndani ya mhusika hakuna kipimo. Kipimo kiko kwa wanaomtazama.

Hoja yangu: mhusika ni mwendawazimu pale anapoona kitu ambacho wenzake jukwaani hawakioni. Tendo la 1, mzimu wa mfalme aliyekufa, baba yake Hamlet, unaonwa na walinzi Marcellus na Bernardo na rafiki yake Horatio, tena Horatio alikuja akiwa haamini. Basi Hamlet ni mzima. Tendo la 3 onyesho la 4, chumbani kwa mama yake Gertrude, mzimu uleule unaingia na mama haoni kitu. Hapo Hamlet keshavuka mpaka, hata kama mwenyewe alishawaambia rafiki zake kwamba atajitia wazimu.

Waongozaji, waigizaji, watu wa sheria na wa tiba, karibuni.

#2 Kigoda
Uzi mzito. Nimeketi, nasoma.

#3 Orkestra
Mleta uzi, kanuni yako inavunjika ukirudi kwa Wayunani, na walilishughulikia jambo hili kabla ya wote.

Aeschylus mwaka 458 KK aliwaleta jukwaani miungu wa kisasi wanaomwandama Orestes. Ndio kwaya yenyewe, hadhira inawaona na kuwasikia. Miaka 50 baadaye, 408 KK, Euripides anarudia kisa hicho: Orestes yuko kitandani, dada yake Electra amemshika, naye anawafukuza viumbe ambao hakuna mwingine anayewaona. Dada anamwambia huoni chochote, tulia. Mtu ni yuleyule na kosa ni lilelile la kumuua mama. Kilichobadilika ni uamuzi wa jukwaa.

Kwa shujaa Ajax wa Sophocles mambo yamegeuka kabisa. Mungu wa kike Athena anamwita atoke nje mbele ya adui yake Odysseus, na Ajax HAMWONI Odysseus aliyesimama palepale. Kichaa hapo ni kutoona kilichopo. Kanuni yako ina nafasi ya hilo?

#4 Mizani ya Haki
Naingia kwa upande wa sheria, maana sheria ililazimika kutoa fasili ambayo Polonius aliikwepa.

Mwaka 1843 Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel, jijini London. Baraza la mahakama lilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, kukawa na kelele, na majaji wakaulizwa na Bunge la Mabwana waweke kipimo. Wakasema: je, kwa sababu ya ugonjwa wa akili mtu hakujua asili na hali ya tendo alilofanya, au kama alijua, hakujua kwamba ni kosa? Wakaongeza kwamba mwenye imani potofu juu ya jambo moja tu ahukumiwe kana kwamba hicho anachoamini ni kweli.

Sasa wapimeni wahusika:

Agave wa Euripides anamrarua mwanawe Pentheus akiamini ni simba. Hakujua asili ya tendo. Anapona.

Ajax anachinja mifugo akiamini ni majemadari wa Kiyunani. Chukua imani yake kuwa kweli: alikuwa anaua watu, kwa kulipiza. Anashindwa kipimo.

Heracles anaua watoto wake akiamini ni watoto wa adui yake Eurystheus. Bado alijua anaua watoto. Anashindwa, ingawa wote tunamlilia.

Hamlet anamchoma Polonius nyuma ya pazia, anauliza kama ni mfalme, halafu anauburuta mwili na kuuficha. Anayeficha mwili anajua kuna kosa. Kisha tendo la 5 anamwomba radhi Laertes, mwana wa Polonius, kwamba si Hamlet aliyetenda, ni wazimu wake. Mahakamani utetezi huo hausimami hata dakika moja.

#5 Ganda la Zamani
Nyongeza mbili kuhusu maandishi yenyewe, maana hapa watu wanajadili "Hamlet" kana kwamba iko moja.

Kuna toleo la 1603, la 1604/1605, na la 1623. Lile la 1603 ni fupi na lina matatizo mengi, lakini maelekezo yake ya jukwaani ni dhahabu. Linasema chumbani kwa Gertrude mzimu unaingia na vazi la usiku. Yaani mwigizaji alivaa, akaingia kwa miguu yake, hadhira ikamwona. Kwa hiyo #1, mtazamaji wa siku zile hakuachwa upande wa Gertrude. Alikuwa upande wa Hamlet.

Pili, toleo hilohilo linaelekeza Ophelia, binti wa Polonius na mpenzi wa Hamlet, aingie akipiga kinanda cha nyuzi, nywele zimefumuliwa, akiimba. Nywele zilizofumuka zilikuwa alama ya jukwaani ya mwanamke aliyerukwa na akili, na hadhira iliisoma kabla hajatamka neno.

#6 Pazia la Pili
#5 kagusa penyewe. Tazameni pia Macbeth: tamthilia moja, maamuzi mawili. Panga linaloning'inia hewani halina maelekezo yoyote, mwigizaji analishika kwa macho tu. Mzimu wa Banquo, rafiki ambaye Macbeth ameagiza auawe, una maelekezo wazi katika toleo la 1623: unaingia na kuketi kwenye kiti cha Macbeth. Simon Forman, aliyeitazama kwenye ukumbi wa Globe jijini London mwaka 1611, aliandika kwamba mzimu ulikuja ukaketi nyuma yake. Wageni mezani hawauoni, hadhira inauona. Macbeth ni kichaa au sisi wote ni vichaa pamoja naye?

#7 Wodi Na. 3
Muuguzi wa akili hapa. Nasema machache.

Kwa wagonjwa wa skizofrenia, kusikia sauti hutokea mara nyingi zaidi kuliko kuona vitu. Mtu akianza ghafla kuona vitu dhahiri, kwanza tunatafuta sababu za mwili: homa, maambukizi, pombe au kuacha pombe ghafla, dawa. Jukwaa linapenda maono kwa sababu yanaonyesheka, basi.

Aliyeandikwa kwa usahihi unaonishangaza ni mfalme Lear wa Shakespeare. Anajitaja kuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, hana usingizi, kanyeshewa usiku kucha, kapoteza watu wake. Hali yake inapanda na kushuka ndani ya onyesho moja, na anapolala usingizi wa kutosha anaamka akitambua watu, bado amechanganyikiwa kidogo, akikiri kwamba akili yake haijakamilika. Hiyo ni sura ya mkanganyiko wa ghafla unaowapata wazee wagonjwa. Tena katika toleo la 1608 kuna daktari anayesema tiba ni kupumzika, na kwamba zipo mitishamba za kuleta usingizi. Sahihi kabisa.

Kosa ninaloliona kwa waigizaji: wanamcheza Lear akiwa kichaa kwa kiwango kilekile kuanzia dhoruba hadi mwisho. Mgonjwa wa hivyo ana dakika za mwanga. Bila hizo dakika, kuamka kwake mbele ya binti yake Cordelia hakuna maana.

#8 Ganda la Zamani
Sahihisho dogo kwa #7: toleo la 1623 lilimwondoa daktari huyo, maneno yake yakapewa bwana mmoja wa kawaida. Na toleo hilo limekata kesi ya kuigiza, pale Lear anapomshtaki binti yake Goneril na mshtakiwa ni kigoda. Ukichagua toleo umechagua pia ukubwa wa wazimu.

#9 Mkufunzi wa Jukwaa
Nimesoma yote, asanteni. Sasa upande wa utendaji, maana fasili ya kitabuni haimsaidii mwigizaji saa ya mazoezi.

Kwanza, usicheze kichaa. Cheza analolitaka mhusika. Ajax anataka heshima yake irudi. Ophelia anataka kusikilizwa. Kichaa ni jina ambalo wengine wanampa, yeye ana shughuli.

Pili, chukua penseli na kando ya kila sentensi andika anaambiwa nani: aliyepo, asiyekuwepo, au nafsi yake. Asiyekuwepo mpe mahali: urefu gani, umbali gani, amesimama au ameketi. Macho yafike pale kwanza, kichwa kifuate. Ukirudi kwake baada ya mistari 10, awe palepale au awe amehama kwa sababu unayoijua. Maono yasiyo na mahali yanamfanya mwigizaji atazame dari, na hadhira inajua papo hapo kwamba haoni kitu.

Tatu, tafuta kiungo kilichofichwa. Lear tendo la 4 onyesho la 6 anaruka kutoka pesa bandia kwenda malipo ya askari, mpiga upinde, panya, kipande cha jibini, glavu ya vita, wenye mikuki, mshale uliolenga shabaha, neno la siri. Mwigizaji mvivu anaikariri kama takataka. Ukiiandika upya na kujaza mapengo utaona mfalme anakagua jeshi: anaandikisha, analipa, anawajaribu kwa upinde, anatoa changamoto, anaweka walinzi na kudai neno la siri. Panya ni adui aliyepita chini ya miguu. Akili inafanya kazi, ila jeshi halipo.

Nne, alama moja ya mwili inatosha. Wanaoweka mikono ya kutetemeka, kucheka ovyo, kuvuta nywele, macho ya kuzunguka na kuchechemea kwa pamoja wanachosha watu haraka, na wakianza juu kabisa kwa sauti hawana pa kwenda. Kwenye dhoruba ya Lear, radi zipigwe kwenye mapengo kati ya mistari. Zikipigwa juu ya mistari, mwigizaji anashindana na spika, koo linakwisha na maneno hayasikiki.

#10 Kigoda
#9 hapo kwenye panya umenifungua macho. Na wakili #4 kamfunga Ajax hata kabla mbuzi hawajahesabiwa.

#11 Fasihi Tupu
Mbona hakuna aliyetaja umbo la maneno? Hamlet akijitia wazimu anasema nathari, yaani maneno ya kawaida yasiyo ya ushairi. Akibaki peke yake anarudi kwenye ushairi wa mizani. Lady Macbeth tendo la 5 onyesho la 1 anatembea usingizini na kusema nathari iliyokatikakatika, yeye aliyekuwa bingwa wa ushairi tangu tendo la 1. Nathari ndiyo kengele ya wazimu. Kipimo kiko kwenye karatasi, hatuhitaji mizimu wala majaji.

#12 Ganda la Zamani
Hapana #11, usiende haraka hivyo. Hamlet anasema nathari na waigizaji wageni anapowafundisha kazi, na hapo ana akili kuliko wote ikulu. Anasema nathari na mchimba kaburi. Ile hotuba ya jinsi binadamu alivyo kiumbe bora ni nathari pia, tena safi. Na chumbani kwa mama yake Hamlet anamjibu mzimu kwa ushairi, dakika ileile ambayo #1 anasema kavuka mpaka.

Sema hivi: KUBADILI umbo ni dalili kwamba kitu kimehama. Ni kitu gani, lazima usome onyesho.

#13 Fasihi Tupu
Nakubali kwa Hamlet. Kwa Lady Macbeth nashikilia hapohapo. Na hata daktari wake anakwepa fasili kama Polonius: anasema huyu anahitaji kasisi kuliko mganga.

#14 Rozmari
Nashangaa tumefika #13 na Ophelia kapata mstari mmoja wa nywele. Ndiye mwendawazimu pekee katika tamthilia ile ambaye hakuna anayembishia.

Msikilizeni anachoimba tendo la 4 onyesho la 5: wimbo wa maiti, kisha wimbo wa msichana aliyedanganywa na kuachwa. Baba kauawa, mpenzi kaondoka. Nyimbo zinasema ambayo yeye hakuruhusiwa kuyasema alipokuwa "mzima", maana kila mara kaka au baba alimwambia afikiri nini. Ikulu inaita kichaa kwa sababu msichana wa heshima ametamka mambo ya kitandani mbele ya mfalme. Hilo linaingia wapi kwenye kanuni ya #1? Hakuna anachokiona ambacho wenzake hawakioni.

Kwa waongozaji: anataja aina saba za mimea, za mwisho anasema zilinyauka baba yake alipokufa, kwa hiyo hazigawi. Maandishi hayasemi nani anapewa nini. Amua kabla ya mazoezi. Ua la toba anampa mtu na mwenyewe anabaki na jingine kama hilo. Akimpa mfalme ni shtaka, akimpa malkia ni shtaka tofauti. Ukitumia maua ya kweli, Ophelia anakuwa na hoja mkononi na wanaopokea wanaaibika. Ukitumia hewa tupu, kila anayepokea afunge vidole na kukishika "kitu" hadi mwisho wa onyesho. Mmoja akisahau na kujikuna, onyesho limekufa. Vijiti au majani makavu ni njia ya kati na mara nyingi ndiyo yenye nguvu zaidi.

#15 Mizani ya Haki
#14 umenirudisha. Kichaa cha Ophelia ndicho chenye matokeo ya kisheria hasa. Kwa sheria ya Uingereza wakati ule, aliyejiua akiwa na akili timamu ni mhalifu: mali inataifishwa na hazikwi kwa ibada kamili. Aliyejiua akiwa kichaa hana hatia. Kasisi anasema kifo chake kina shaka, ndiyo maana ibada imefupishwa. Na wachimba kaburi wanabishana kama maji yalimfuata au yeye aliyafuata maji. Wengi wanaona hapo panachezewa kesi ya Jaji James Hales, aliyejizamisha mwaka 1554, ambapo mawakili walibishana kwa dhati kuhusu lini hasa tendo la kujiua linakamilika.

#16 Mbaazi Tupu
Mmezama Uingereza, nendeni Ujerumani kidogo. Woyzeck wa Georg Büchner. Johann Christian Woyzeck alimuua mpenzi wake Leipzig mwaka 1821. Daktari Clarus alimpima akaandika kwamba anawajibika kwa tendo lake, akakatwa kichwa hadharani 1824 kwa upanga. Büchner, mwenyewe msomi wa tiba, akaandika tamthilia na kufa mwaka 1837 akiwa na miaka 23 bila kuimaliza.

Mambo mawili. Ndani yake daktari anamlisha Woyzeck mbaazi tupu kwa ajili ya jaribio na anafurahia kila dalili mpya. Anayefasili kichaa ndiye anayekitengeneza.

La pili ni la kiutendaji: onyesho hadi onyesho, mpangilio wa mwisho haukuachwa. Mwongozaji anapanga mwenyewe. Ukianza na Woyzeck porini akisikia mambo chini ya ardhi na kuwahofia Frimasoni, umesema alikuwa mgonjwa kabla mwanamke hajamsaliti. Ukianza na Woyzeck akimnyoa kapteni anayemdhihaki kwa umaskini wake, umesema udhalili ulitangulia. Maneno hayajabadilika hata moja, ugonjwa umebadilika.

#17 Orkestra
#16 nakuunga mkono.

#18 Sauti na Taa
Fundi wa sauti. Kanuni ya #1 inapigwa na tamthilia ya Tennessee Williams ya 1947, A Streetcar Named Desire. Blanche anasikia muziki wa polka uliokuwa ukipigwa usiku mumewe alipojipiga risasi. Mitch aliye naye hausikii. Hadhira inausikia wote, kisha risasi, kisha kimya. Tunasikia anachosikia yeye na bado tunajua anaumwa.

Kuifanya: usiutoe muziki kwenye spika kubwa za ukumbi, utakuwa muziki wa tamthilia kama mwingine. Weka spika ndogo nyuma ya mapambo karibu na anaposimama Blanche, uanze chini ya maneno kiasi kwamba mtazamaji hana hakika kama ameusikia, upande taratibu. Risasi ikate muziki kabisa, bila mkia. Ukiufifisha pole pole baada ya risasi, anayesema kwamba sasa umekoma anaonekana anadanganya.

#19 Kalamu Kavu
Nawasoma wote. Hoja nabaki nayo ila naisogeza: si nani anaona, ni nani AMEACHWA NJE ya kinachoonwa. Chumbani kwa Gertrude sisi tuko ndani na mama yuko nje. Kwa Blanche tuko ndani, Mitch nje. Kwa Ajax, mwenyewe ndiye yuko nje. Kila mara kuna mtu aliyeachwa, na kichaa ni hilo pengo. Ophelia wa #14 bado ananisumbua.

#20 Barakoa
Na anayeigiza kichaa? Pirandello, Enrico IV, 1922. Mtu kaanguka na farasi kwenye maandamano ya mavazi, akaamini yeye ni mfalme Henry wa Nne wa Ujerumani. Miaka 12 ni kichaa kweli, halafu akapona, akaendelea kujifanya miaka 8. Mwisho anamchoma hasimu wake Belcredi kwa upanga, na kuanzia hapo hana budi kubaki "kichaa" daima kwa sababu ndiyo kinga yake. Hakuna anayeachwa nje hapo, #19. Kuna makubaliano tu.

Na katika kibanda cha dhoruba cha Lear wamo watatu: mchekeshaji anayelipwa kusema upuuzi, Edgar anayejifanya kichaa, na mfalme aliyepotea. Mwigizaji wa Edgar ndiye mwenye kazi ngumu. Awe na kelele kuliko mgonjwa wa kweli, halafu pale anaposema pembeni kwamba machozi yanaharibu uigizaji wake, sauti yake halisi isikike. Asipoitofautisha, hadhira inaona vichaa wawili na kumchoka wa kweli.

#21 Wodi Na. 3
Kuna pia iliyoondoa mhusika kabisa. 4.48 Psychosis ya Sarah Kane, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2000 baada ya kifo chake. Hakuna majina ya wasemaji. Kuna ukurasa wa namba zilizotapakaa, na baadaye namba zinazoshuka kwa 7 kutoka 100: 93, 86, 79. Hicho ni kipimo chetu cha umakini wa mgonjwa. Mara ya kwanza mtiririko umevurugika, mara ya pili uko sawa. Anayesoma harakaharaka huona mapambo ya ukurasa.

#22 Pazia la Pili
Swali kwa #9: kuhusu Gertrude kuna maelezo mengine ambayo hayajasemwa humu. Vipi kama anauona mzimu na anakana?

#23 Mkufunzi wa Jukwaa
Inachezeka, #22. Anasema haoni chochote kabisa, lakini kila kilichopo anakiona. Ukichagua kwamba anakana, macho yake yafike kwenye mzimu mara moja tu, kabla ya mstari ule, kisha asielekee tena upande huo hadi utoke. Mara mbili ni nyingi, watu wataona unawaeleza. Ila ukifanya hivyo mzimu lazima awe mwigizaji kamili jukwaani. Sauti tupu au mwanga havitoshi, hana cha kukwepa.

#24 Ganda la Zamani
Kwenye toleo la 1603 uchaguzi huo ni mgumu, #23. Mle Gertrude anaapa kwamba hakujua lolote kuhusu mauaji na anaahidi kumsaidia mwanawe. Mwenye kukana hasemi hivyo.

#25 Pazia la Pili
Au ndiyo anavyosema hasa. Twende na toleo la 1604/1605, kiapo hicho hakimo.